Mbao Saba za Chumbani kwa Mshonaji

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti tu. Mtaani walimwita Msasa. Wengine walisema ni kwa sababu ya kazi yake, maana kwa miaka kumi na minane alikuwa akizunguka nyumba za watu kufufua sakafu za mbao: anang'oa zilizooza, anabana zilizolegea, anakwangua weusi wa miaka na kupaka vanishi mpaka ubao unaonyesha sura ya mtu. Wengine walisema ni kwa sababu ya mdomo wake. Ukimkuta amepiga magoti, patasi mkononi, ukamuuliza, "Fundi, bado tu?" anakujibu bila kuinua kichwa, "Nilimaliza tangu juzi, hapa natafuta hereni." Waliompa kazi walisifu mikono yake na kuomba Mungu asirudi tena.

Ukali huo hakuzaliwa nao. Baba yake alikuwa seremala, na alimfundisha yeye na kaka yake kwenye meza moja, mmoja huku, mwingine kule. Binti alikuwa na mkono, kijana alikuwa na maneno. Mzee alipofariki, kaka mtu alibadilisha kufuli ya geti la karakana, akamtolea dada yake sanduku la vifaa nje, akalitua kwenye vumbi kama mzigo wa mpangaji. "Wewe ni mwanamke," alimwambia. "Utaolewa. Meza utaikuta kwa mumeo." Aliolewa kweli, na kwa mumewe hakukuta meza wala kiti. Akaachika, akarudi mjini na sanduku lile lile. Tangu siku ya geti, ndugu hao wawili hawakujuliana hali. Wakikutana kwenye duka la misumari, mmoja alitoka ili mwingine aingie.

Basi asubuhi moja akaitwa kwenye nyumba ya mshonaji.

Ilikuwa nyumba ndefu, ya zamani, yenye watu wanane na kelele za watu ishirini. Mwenye nyumba hasa alikuwa bibi, mwanamke mkongwe aliyetembelea fimbo lakini akaitumia zaidi kugongea mezani. Mwanawe alikuwa dereva wa malori ya masafa, kwake anakuja kufua nguo na kuondoka. Mke wa huyo dereva ndiye mshonaji. Alikuwa na watoto watano, cherehani mbili sebuleni, na wateja walioingia na kutoka tangu saa moja asubuhi kupimwa viuno na mabega. Shule zilikaribia kufunguliwa. Sare zilikuwa zimerundikana kwenye viti mpaka mgeni hana pa kukaa.

Mshonaji alimpokea mlangoni, sentimita ya kupimia imening'inia shingoni.

"Nimekuita uzing'oe," alisema. "Zote. Mpya nimeshachagua."

Msasa alimtazama kuanzia kilemba mpaka kandambili. "Na salamu nayo uliing'oa?"

"Fundi, sina muda wa salamu. Mwanangu mdogo anatambaa. Mwezi uliopita kibanzi kilimwingia gotini, kikatunga usaha, akapasuliwa. Unajua kumshika mtoto anapopasuliwa? Nimeapa, hakuna ubao hata mmoja utakaobaki humu ndani."

"Mimi sikuwepo ulipoapa," alisema Msasa, akavua mkoba wake, akaingia.

Alizunguka vyumba vyote, isipokuwa cha kulala cha mshonaji alichokatazwa, akigonga sakafu kwa mpini wa nyundo, sikio limeinama kama la daktari. Pengine mlio ulikuja mzito, akapita. Pengine ulikuja mtupu, akachoma kwa bisibisi. Watoto walimfuata kwa mstari mpaka alipogeuka na kuwakodolea macho, wakatawanyika. Mwisho alisimama katikati ya sebule, akapiga magoti, akatoa randa ndogo, na kabla mshonaji hajauliza anafanya nini, akakwangua mahali padogo chini ya dirisha. Weusi ukatoka kama maganda. Chini yake ukatokea ubao wa rangi ya asali, na harufu kavu, chungu kidogo, ikapanda chumbani.

Bibi alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni. Aliinuka nusu. "Ndiyo rangi niliyoikuta siku ninaingia nyumba hii nikiwa bibi harusi," alisema.

"Ni msaji huu, mtiki wenyewe," alisema Msasa. "Sebule nzima, korido na chumba cha bibi. Haujaoza, umechafuliwa. Vibanzi vinatoka kwa sababu watu wamekuwa wakiburuta vyuma juu yake na kuupaka mafuta meusi badala ya kuutunza. Unataka kuogeshwa na kufungwa vizuri. Chumba cha watoto, upande wa bafu, mbao zimekufa. Hizo nitazing'oa mimi mwenyewe, na nitakwambia zilikufa na nini."

"Sikukuita uniogeshee mbao," alisema mshonaji. Akaingia chumbani, akarudi na vipande vitatu vya mfano kutoka dukani, akavibwaga mezani. "Nichagulie katika hivi."

Msasa aliviokota kimoja kimoja. Cha kwanza kiling'aa kama sahani. Alikigeuza ubavu, akaonyesha. "Huu ni unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi na kubandikwa picha ya mti. Utumbukize kwenye ndoo, kesho asubuhi uje tuongee." Cha pili kilikuwa msonobari. Akaubonyeza kwa ukucha, ukabaki na alama. "Huu unafaa chumba kisicho na fujo. Miguu ya cherehani yako itauandika barua." Cha tatu alikinusa tu, akakirudisha. "Na huu ni msaji mchanga kuliko ulio nao chini ya miguu yako. Unataka kutupa mzee wa kazi umlete mwanafunzi wake."

Bibi alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Mshonaji alikivumilia kicheko cha mama mkwe wake miaka kumi na tano, lakini si mbele ya fundi. "Kesho anakuja fundi mwingine," alisema. "Yeye anajua kusikiliza."

Kesho yake Msasa alirudi kuangalia ndoo, maana bibi alikuwa ameshakitia kipande cha kwanza majini. Kile kipande cha kung'aa kilikuwa kimevimba kama mkate uliolowa. Alikuwa anakiinua kumwonyesha bibi, gari likasimama nje, na mlangoni akatokea mwanamume mnene aliyevaa shati jeupe. Msasa hakuhitaji kumtazama mara mbili.

Bibi aliwatazama wote wawili kwa zamu. "Hawa wana paji moja la uso," alisema.

"Tuna baba mmoja tu, Bibi," alisema Msasa. "Paji la uso ni bahati mbaya."

Mshonaji hakujua kuwa ni ndugu. Alimwita mtu mwenye bango kubwa na duka la mbao mpya, basi. Lakini alipoona mafundi wawili wananuniana kabla ya kusalimiana, macho yake yalichangamka. Alidhani sasa amepata silaha.

Kaka mtu hakugonga wala kuchoma. Alipita vyumbani mikono mfukoni, akarudi. "Mama, nikudanganye nipate nini? Hii sakafu imekwisha. Nitawawekea mpya kwa siku nne, na kwa sababu naona una watoto, hata takataka hizi za zamani nitazibeba mimi. Bure. Hutaona kibanzi hapa."

"Sikia utu huo," mshonaji alimwambia Msasa.

"Muulize takataka anazipeleka wapi."

"Dada'angu, usianze."

"Anaanza nani? Muulize! Anawang'olea msaji uliokauka miaka hamsini, anawaachia unga wa gundi, halafu huo msaji wenu anauranda na kuwauzia wenye maghorofa. Kwenye ua wake umejaa takataka za namna hiyo, zimefunikwa turubai zisinyeshewe. Nani hufunika takataka?"

Kaka mtu alitabasamu, lakini shingo ilimvimba. "Huyu ana kinyongo tangu msiba wa mzee. Msimsikilize. Mwanamke akikosa nyumba yake, huja kuvuruga za wenzake."

 Cherehani ya pili, aliyokuwa akiiendesha binti mkubwa wa mshonaji, ilisimama. Msasa alikuwa bado ameshika kile kipande kilichovimba, na maji yalimdondokea kwenye kiatu.  

Aliyejibu alikuwa bibi. Aligonga fimbo sakafuni mara mbili. "Kijana, nyumba hii ni yangu mpaka mnizike. Mbao zangu hazibebwi bure wala kwa malipo. Pita ulikopitia."

Kaka mtu alitoka. Mshonaji alibaki amesimama, uso umewaka. Hakumpenda yule mwanamume baada ya maneno yale, lakini kushindwa ndani ya sebule yake mwenyewe kulikuwa jambo jingine. "Haya," alimwambia Msasa. "Fanya. Ila mwanangu akichomwa tena, mbao hizo nitakulisha wewe."

"Niletee na maji ya kushushia," alisema Msasa.

Ndivyo kazi ilivyoanza. Desturi ya Msasa ilikuwa kudai nyumba tupu, lakini watu wanane wangehamia wapi? Wakakubaliana chumba kwa chumba, na kila chumba kikawa na vita vyake. Alianza na chumba cha watoto. Aling'oa mbao kwa mtaimbo, zikakatika kama biskuti, na chini yake akakuta udongo wenye maji: bomba la bafu lilikuwa likivuja polepole, labda miaka mitatu. Alimwita mshonaji, akamwonyesha kwa ncha ya mtaimbo. Mshonaji alitazama, akasema, "Nilimwambia mume wangu," akaondoka. Bomba lilipozibwa na ardhi kukauka, Msasa alilaza msonobari uliopakwa dawa ya mchwa, akiacha upenyo mdogo pembeni mwa ukuta ili mbao zipate pa kutanukia.

Kisha ikaja sebule, na vita vikubwa vilikuwa vya umeme. Mashine ya Msasa ya kusugulia sakafu na cherehani za mshonaji hazikuweza kula kwenye waya mmoja. Akiwasha yeye, cherehani zilikoroma na kusimama. Zikiwashwa zote, fyuzi ilikatika na nyumba nzima ikalalamika. Mshonaji, ambaye sasa alishonea barazani, alichomoa waya wa Msasa bila kuuliza. Msasa naye akachomoa wa mshonaji. Siku ya pili walichomoleana mara sita, mpaka bibi akapanga zamu, akikaa na saa mapajani kama mwamuzi wa mpira.

Vita vingine vilikuwa vya pini. Kwa miaka kumi na tano pini za mshonaji zilikuwa zimeangukia kwenye nyufa za mbao. Zilichana karatasi za msasa moja baada ya nyingine. Msasa alipiga magoti siku nzima na sumaku na kisu chembamba, akazichomoa pini, sindano zilizovunjika, vifungo, kulabu za sidiria na jino moja la mtoto. Jioni alikwenda barazani, akamimina bakuli zima juu ya meza ya mshonaji. Jino lilibiringika mpaka kwenye mkasi.

"Mali yako," alisema. "Mwanao hakuchomwa na mbao peke yake."

 Mshonaji alilikusanya lile rundo kwa kiganja, akalitia kwenye kopo. Jino aliliweka mfukoni. "Umemaliza kuhubiri?" alisema.

Siku ya saba, mchana, sebule ilikuwa imebakiza theluthi moja. Rangi ya asali ilikuwa imetoka ukuta hadi ukuta, na Msasa, kitambaa puani, alikuwa akiisukuma mashine yake kwa mwendo ule ule wa taratibu, kwenda na kurudi. Mashine ile haitaki uisimamishe hata kidogo ikiwa chini; ikisimama mahali pamoja, inakula ubao. Kila fundi wa sakafu analijua hilo kuliko jina la mama yake.

Kupitia dirishani akamwona kaka yake barazani. Alikuwa amekuja na vitabu vya picha za sakafu, amevifungua juu ya meza ya mshonaji, anaongea, na mshonaji anasikiliza. Kelele za mashine zilimzuia Msasa asisikie. Aliona tu mdomo wa kaka yake ukienda, kisha akamwona akimnyooshea yeye kidole na kucheka. Msasa alisimama. Mikono ilisimama, miguu ilisimama, ila mashine haikuacha kusaga. Alishtushwa na harufu ya kuungua. Alipoinyanyua, kulikuwa na bonde katikati ya sebule, upana wa sinia, na chini kabisa vichwa vya misumari viling'aa kama meno.

Alizima. Akachutama, akapitisha kiganja. Mbao saba zilikuwa zimeliwa. Kuisugua sebule nzima ifike chini kiasi kile kusingewezekana. Mbao zisingebaki na unene wa kukanyagika.

Barazani kaka yake alikuwa ameshaaga. Bibi aliyekuwa koridoni alichungulia, akaona, akaingia na fimbo yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Changanya vumbi la mbao na gundi, uzibe. Cherehani itakaa juu, na chini yake tutatandika zulia. Mimi sijaona kitu."

"Itapasuka, Bibi. Miguu ya cherehani inatetemeka kutwa. Mwezi haufiki."

"Mwezi ukifika wewe utakuwa umeshaondoka."

Msasa alitamani kulikubali lile wazo. Alikaa chini, mgongo ukutani, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile alivua kitambaa puani akiwa kazini. Akafikiri jinsi mshonaji atakavyofurahi. Akafikiri jinsi habari zitakavyomfikia kaka yake kabla jua halijazama. Kisha akainuka, akatoka barazani.

"Nimeharibu," alisema.

Mshonaji aliinua uso. "Umesemaje?"

"Nimesema nimeharibu. Mbao saba, katikati. Kosa langu, si la mashine wala la mbao. Njoo uone."

Mshonaji alikwenda, akaona. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mlango. "Msasa mwenyewe! Aliyewasema wote!" Kisha kicheko kikakatika ghafla, kama uzi. "Jumamosi wateja wanakuja kuchukua sare. Nataka sakafu nzima, bila kiraka cha gundi. Ukishindwa, kaka yako anaanza Jumapili, na bibi asinigongee fimbo."

Msaji wa umri ule, upana ule na unene ule haupatikani dukani. Ulikuwepo mahali pamoja mjini ambapo Msasa alipajua. Asubuhi iliyofuata akaenda.

Geti lilikuwa lile lile, kufuli nyingine. Ndani, chini ya turubai, mbao za zamani zilipangwa kwa ukubwa, kama alivyosema. Kaka yake alikuwa amekaa kwenye meza ya baba yao ya kurandia, ile yenye kovu la msumeno pembeni, anakunywa chai. Uso wote wa meza ulikuwa na miduara ya vikombe. Jiliwa lililokuwa linabana mbao sasa lilikuwa limebana kalenda.

"Nimekuja kununua mbao saba," alisema Msasa. Hakukaa.

"Nimesikia umechimba kisima kwa mshonaji." Alikunywa chai, akafuta mdomo. "Mbao ninazo. Sikuuzii, nitakupa. Tena zilizo bora. Ila twende wote. Utasimama mbele ya yule bibi na fimbo yake, utasema, 'Kaka yangu alisema kweli, sakafu hii haifai, na kazi iliyobaki namwachia yeye.'"

"Basi?"

"Basi. Maneno mepesi hayo. Mbona wewe maneno hayakusumbui?"

Msasa aliitazama ile meza. Alikumbuka upande wake ulikuwa upi. "Baba alikuwa akitupiga tukiweka hata maji juu ya meza hii," alisema.

"Baba amekufa."

"Naona. Na meza yake umeigeuza kisahani cha chai." Akageuka. Alipofika getini akasikia kikombe kikibamizwa mezani na kaka yake akipiga kelele kwamba asirudi tena hapo, hata akifa asiletwe. Alitembea mpaka kwenye kona, akasimama nyuma ya ukuta wa nyumba ya watu, akalia kidogo, kwa hasira, kama mtu anayetapika ili apone. Kisha akafuta uso kwa kitambaa cha vumbi, ambacho hakikusaidia.

Njiani kurudi alifikiria nyumba ile chumba kwa chumba, na alipofika alikwenda moja kwa moja kwa mshonaji.

"Chumba chako cha kulala sijakigusa," alisema. "Ulikataa nisiingie. Chini ya kitanda na kabati, sakafu ni ya aina gani?"

"Unauliza ya nini?"

"Nataka kuiba mbao saba chini ya kitanda chako. Kama nyumba ilijengwa kwa mara moja, zina umri mmoja na hizi, mti mmoja. Huko chini nitaweka msonobari, hakuna atakayeuona isipokuwa panya."

Mshonaji aliweka chini nguo aliyokuwa akiipiga pindo. Msasa alingoja kicheko kingine. Hakikuja.

"Kaka yako alipita hapa sasa hivi kwa gari," alisema mshonaji. "Amenipigia honi. Akaniambia jiandae, Jumapili naanza. Hakuniuliza, ameniambia. Ameshanipangia na siku ya kutoa vitu." Aling'ata uzi, akautema. "Wewe unanitukana machoni, sawa. Yeye ananiamulia nyumba huku anatabasamu. Mume wangu ananiamulia, mama yake ananiamulia. Haya, kaibe. Ila kitanda utakisogeza mwenyewe, mimi mgongo sina."

"Nitakisogeza."

"Na nikirudisha kitanda, sakafu ikilia kwi-kwi usiku mume wangu yupo safarini au hayupo safarini, nitakuita hata kama ni alfajiri uje uisikilize."

Bibi, koridoni, alikohoa kikohozi kirefu kilichofanana sana na kicheko.

Kitanda kilikuwa cha mbao nzito, na Msasa alikisogeza peke yake kwa bega, inchi kwa inchi. Hakupewa pole wala hakuomba msaada. Chini yake palikuwa na vumbi la miaka, na chini ya vumbi msaji ulikuwa haujaguswa. Kazi ilikuwa kuzitoa bila kuzipasua, maana kila ubao una ulimi upande mmoja na mfuo upande mwingine, umeuma jirani yake. Alikata ulimi wa ubao wa kwanza kwa patasi, akautoa kafara, kisha zilizobaki akazinyanyua taratibu, akichomoa msumari mmoja mmoja. Alipata saba nzima na moja yenye ufa. Sebuleni alizikata mbovu kwa kupishanisha, moja fupi, moja ndefu, ili kiraka kisionekane kama mlango wa kaburi. Akazilaza mpya-za-zamani, akazigonga kwa kipande cha ubao zisiumie, akasugua kwa mkono siku nzima, msasa mnene, wa kati, laini, magoti juu ya gunia. Mashine hakuigusa tena.

Siku ya kupaka vanishi familia nzima ilifukuziwa uani. Walipikia uani, wakala uani, wakapimia wateja uani. Dereva alirudi safari siku hiyo hiyo, akasimama dirishani na mfuko wa nguo chafu. "Naingilia wapi?" aliuliza.

"Huingii," walijibu Msasa na mkewe kwa pamoja, wakatazamana kwa kuudhika.

Jumamosi cherehani zilirudishwa, kila mguu umevalishwa kipande cha mpira. Wateja walikuja, wakachukua sare, wakasema sakafu nzuri, imegharimu nini. Mshonaji aliwaambia imegharimu uvumilivu, na fundi mwenyewe hana adabu. Kwa kaka mtu Jumapili haikuwepo. Alikuja, akakuta mlango umefungwa, akapiga honi mpaka majirani wakachungulia, akaondoka. Baadaye alitangaza mjini kwamba dada yake aliharibu nyumba ya watu, na wako waliomwamini. Kazi mbili alizokuwa ameahidiwa Msasa zilipotea hivyo. Hakwenda kumjibu. Hawajasalimiana mpaka leo, na kwenye duka la misumari bado wanapishana mlangoni.

Wiki tatu zilipopita, Msasa alirudi kuchukua kopo lake la vanishi alilolisahau. Mtoto mdogo alikuwa akitambaa sebuleni kwa kasi, amevaa nepi tu. Msasa akaweka mguu ndani.

"Viatu!" alipiga kelele mshonaji kutoka kwenye cherehani.

"Hii sakafu nimeitengeneza mimi."

"Na mimi ndiye ninayeipiga deki. Viatu!"

Msasa alivua, akiwa amenuna. Akatembea peku mpaka katikati, na nyayo zake zikamwambia kitu ambacho macho hayakumwambia. Ubao wa nne wa kiraka ulikuwa umenyanyuka kidogo ubavuni, unene wa uzi tu. Alisimama hapo, akaukanyaga, akaukanyaga tena.

"Hapa pamenyanyuka," alisema.

"Najua. Niliona siku ya pili."

"Mbona hukuniita?"

Mshonaji aliendelea kushona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi. "Ningekuita ungekuja na mdomo wako," alisema. "Kopo liko nyuma ya mlango. Na ubao huo utauranda leo, usiniambie kesho."

Msasa akaitoa randa iliyokuwa mkobani, akapiga magoti. Mtoto akaja akitambaa karibu yake kuangalia mabanzi yakijikunja. "Mtoe huyu," alisema Msasa. "Atanilia randa."

"Mtoe mwenyewe," alisema mshonaji, akakanyaga cherehani.